Kuunganisha mashine ya sikio na kompyuta ukiwa nyumbani Lubumbashi

Mashine nyingi za masikio, yaani zile za kumsaidia mtu kusikia, zinazovaliwa hapa Lubumbashi hazikununuliwa hapa. Zimetumwa na ndugu aliye Brussels au Liège, zimeletwa na mjomba kutoka Johannesburg, au zilikuwa za marehemu na familia ikaona haifai zilale kabatini. Zinafika ndani ya kiboksi kidogo, betri mbili tatu pembeni, karatasi hakuna. Papa anazivaa, anakunja uso, anazivua. "Zinapiga kelele tu, mwanangu." Mashine yenyewe huenda ni nzima kabisa, ila ndani yake bado mna vipimo vya masikio ya mtu mwingine.

Mwongozo huu ni wa yule mtu wa nyumbani anayeielewa kompyuta kiasi na mwenye subira. Kuunganisha kwenyewe si kazi ngumu. Kinachowaangusha wengi ni kebo isiyo ya mashine ile, betri iliyochoka, na haraka ya kubonyeza kabla ya kuona kilichomo. Ukishika utaratibu huu hutaharibu kitu: soma kwanza, hifadhi, ndipo ubadilishe.

Kwanza, ni nani asiguswe

Usimpangie mtoto mashine nyumbani. Mtoto mdogo hawezi kukuambia sauti imezidi, na mashine zenye nguvu hutoa zaidi ya desibeli 130, kiasi cha kuua usikivu uliobaki. Usimguse pia mtu anayetokwa usaha sikioni, mwenye maumivu au kizunguzungu, au ambaye sikio lake moja ni zima na jingine limeharibika. Na kama sikio limeziba ghafla, jana au juzi, huyo ni wa hospitali leo hii, kwa sababu dawa ya tatizo hilo hufanya kazi ikiwahi.

Marekani iliporuhusu mashine za masikio ziuzwe madukani bila kupitia kwa mtaalamu, kuanzia Oktoba 2022, iliweka mpaka: watu wa miaka 18 na zaidi, wenye upungufu mdogo hadi wa kati. Mimi naona mpaka huo unafaa hata kwetu. Anayehitaji kupigiwa kelele sikioni ndipo asikie, mpeleke kwa mtaalamu hata kama safari ni ndefu.

Tafuta odiogramu

Bila odiogramu unapapasa gizani. Ni ile karatasi yenye mchoro wa mistari inayotolewa na daktari wa masikio, pua na koo, yule tunayemwita ORL. Sikio la kulia huchorwa kwa duara jekundu, la kushoto kwa alama ya X ya bluu. Juu ya mchoro utaona namba kutoka 250 hadi 8000: ni hezi, yaani kutoka sauti nzito hadi sauti nyembamba. Pembeni, kutoka juu kwenda chini, ni desibeli, na alama ikishuka chini zaidi usikivu umepungua zaidi. Kama papa alifanya kazi mgodini au kiwandani, muulize kama alipimwa masikio kwenye uchunguzi wa afya wa kazini, maana karatasi hizo mara nyingi hulala kwenye bahasha ya pensheni. Ila iliyopita zaidi ya mwaka mmoja, pimeni upya.

Ukiangalia odiogramu ya mzee aliyekaa miaka mingi karibu na vinu na mashine za kuchimba, mara nyingi utakuta mstari unakwenda vizuri upande wa sauti nzito kisha unatumbukia shimoni karibu na 4000. Hiyo ndiyo alama ya kelele. Mtu wa namna hii anasikia lori likipita, anasikia ngoma, anasikia kwamba unaongea. Asichopata ni *s*, *f*, *sh* na *ch*, kwa hiyo "fika", "shika" na "pika" kwake ni neno moja. Familia inasema mzee amekuwa mkaidi. Weka jambo hili akilini, tutalirudia kwenye kurekebisha.

Kama karatasi ina alama za aina ya pili, mabano ya pembe kama < na >, hizo ni za kipimo cha mfupa. Zikikaa mbali sana juu ya duara na X, tatizo liko kwenye njia ya sauti: nta, tundu kwenye ngoma ya sikio, au majimaji nyuma yake. Acha kompyuta, rudi kwa daktari.

Itambue mashine uliyonayo

Fungua kijumba cha betri, tafuta jina la kampuni, modeli na namba ya mfululizo. Tumia tochi ya simu, maandishi ni madogo kweli. Nukta nyekundu ni ya kulia, ya bluu ni ya kushoto, na hilo halibadiliki kokote duniani. Rangi ya kibandiko cha betri inakuambia saizi: njano ni 10, kahawia ni 312, chungwa ni 13, bluu ni 675.

Jina la kampuni ndilo linaloamua programu. Phonak hufunguliwa na Phonak Target, Oticon na Genie 2, Signia na zile za zamani za Siemens na Connexx, ReSound na Smart Fit, Widex na Compass GPS. Moja haifungui ya mwenzake. Utasikia pia habari za Noah, mfumo wa HIMSA unaokusanya programu hizi zote chini ya paa moja kwa ajili ya kliniki. Kwa masikio ya mtu mmoja huuhitaji.

Programu hizi hutolewa kwa wataalamu na wauzaji walioidhinishwa. Njia safi ni kumwomba mtaalamu au muuzaji akuelekeze, na wapo wanaokubali ukiwaeleza hali. Zile zinazogawanywa kwenye flashi sokoni au kwenye tovuti zisizojulikana zimebeba virusi mara nyingi mno, na siku virusi vikila laptopu vitakula na faili za papa. Tena mashine nyingine, hasa zilizouzwa na maduka makubwa ya Ulaya kwa jina la duka lenyewe, zimefungwa na hazikubali programu ya kawaida. Ni heri ulijue hilo kabla ya kununua kebo.

Waya au bila waya?

Hapa ndipo pesa inapotea, kwa hiyo twende polepole.

Mashine za zamani, na zile kubwa za nyuma ya sikio zenye betri za kubadilisha, kwa kawaida hupangwa kwa waya. Kati ya kompyuta na mashine panakaa kisanduku, na kinachojulikana zaidi ni HI-PRO 2, kinachoingia kwenye USB. Kina matundu mawili ya duara, jekundu na la bluu. Kutoka hapo inatoka kebo, na nyingi hutumia ile iitwayo CS44, yenye kichwa kidogo cha pini nne upande wa mashine. Mara nyingi kebo hiyo haiingii kwenye mashine moja kwa moja. Inahitaji kipande cha katikati, nacho kiko cha aina tatu:

- Kiatu, kinachovalishwa sehemu ya chini ya mashine.
- Utepe mwembamba wa plastiki, unaopenyezwa kwenye kijumba cha betri hadi uguse vidoa vya shaba.
- Kidonge, kinachokaa mahali pa betri na kuchukua umeme kutoka kwenye kisanduku.

Kipande hicho cha katikati ndicho kinachokwamisha watu. Mtu ananunua kisanduku na kebo, anasubiri mzigo upite mpakani Kasumbalesa, unafika, anagundua mashine yake inataka utepe ambao hakuuagiza. Kabla ya kulipa, sakinisha programu, chagua modeli yako, na itakuonyesha picha ya kebo na kipande kinachotakiwa. Piga picha ya skrini, mtumie muuzaji hiyo picha. Usimwelezee kwa maneno.

Mashine mpya zaidi, na karibu zote za kuchaji, hazina pa kuchomeka waya. Hizo hutumia Noahlink Wireless, kifaa kidogo cha USB kinachoongea na mashine kwa mawimbi ya Bluetooth. Kinafaa kwa kampuni nyingi kubwa, na hiyo ndiyo sababu ningekinunua hicho kwanza kama modeli yako inakikubali. Lakini angalia umri. Phonak nyingi zilizotangulia familia ya Marvel ya 2018, kwa mfano, hazikijui kabisa. Zinataka iCube II, kifaa cha Phonak wenyewe cha kuunganisha bila waya, au waya. HI-PRO ya kizazi cha kwanza, ile ya kuchomeka kwa tundu la pini tisa nyuma ya kompyuta, iache hata kama unapewa bure.

Kompyuta iwe ya Windows 10 au 11. Programu hizi hazikuandikwa kwa Mac wala simu.

Sakinisha kabla ya kuchomeka

Sakinisha programu ya mashine, kisha draiva ya kisanduku, kisha uwashe kompyuta upya. Baada ya hapo tu ndipo uchomeke kisanduku kwenye USB. Ukianza kwa kuchomeka, Windows inaweza kukibandika draiva ya kubahatisha na utahangaika kuiondoa. Kwa HI-PRO, fungua orodha ya vifaa vya kompyuta uone namba ya bandari iliyopewa. Baadhi ya programu za zamani hutafuta namba za chini tu, kwa hiyo ikiwa imepewa namba ya juu, kwa mfano COM12, ishushe hadi COM4 au chini yake.

Chaji laptopu ijae kabla ya kuanza, kwa sababu mbili. SNEL, shirika la umeme, inaweza kukata katikati ya kuandika, na mashine inayokatizwa ikiwa inaandikiwa inaweza kubaki bubu. Pili, ukiwa na waya unaotoka kwenye kompyuta hadi sikioni mwa mtu, chomoa chaja ukutani. Nyaya za nyumba zetu nyingi hazina waya wa ardhini wa kuaminika, na jenereta ya jirani ikirudisha umeme kwa kishindo hutaki papa awe kwenye mnyororo huo.

Kuunganisha kwa waya

Safisha mashine kwanza. Ondoa nta, futa vidoa vya kijumba cha betri kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi, badilisha kichujio cha nta kama mashine ni ya aina ambayo spika yake inakaa ndani ya sikio. Weka betri mpya kama aina yako ya kipande inaihitaji: ng'oa kibandiko, iache dakika tatu nne ipate hewa, ndipo uifungie. Betri hizi huamka kwa hewa, na inayofungiwa mara tu baada ya kung'olewa kibandiko huanza ikiwa dhaifu.

Sasa penyeza utepe au valisha kiatu. Utepe una upande mmoja tu unaokubali, na ukisukuma kwa nguvu utaukunja vidole vyake na hautagusa tena. Ukihisi umekwama, utoe, ugeuze, ujaribu upya. Funga kijumba taratibu mpaka kinaposimama, bila kukilazimisha kifike mwisho. Chomeka kebo ya kulia kwenye tundu jekundu, ya kushoto kwenye la bluu. Ukiwa mgeni kwenye kazi hii, anza na sikio moja.

Bonyeza kitufe cha kuunganisha kwenye programu. Ikiona mashine, itaandika modeli na namba ya mfululizo. Linganisha na ile uliyoisoma kwa tochi.

Kuunganisha bila waya

Zima Bluetooth ya kila simu iliyo chumbani, ya papa hasa. Simu iliyokwisha kuoana na mashine huidaka kabla ya kompyuta, na watu wamelaumu vifaa vizima kwa sababu hiyo. Chomeka Noahlink Wireless, weka mashine mezani ndani ya mita moja, mbali na chuma. Fungua kijumba cha betri na ukifunge tena, au kwa za kuchaji zizime na kuziwasha. Mashine nyingi hukubali kuoana kwa muda wa kama dakika tatu tu baada ya kuwashwa, kwa hiyo bonyeza kutafuta mara moja. Zikitokea mbili, mpe kila moja upande wake kwa kufuata nukta ya rangi.

Soma na uhifadhi

Programu itakuuliza swali ambalo wengi hulipita bila kulisoma: ndani ya mashine mna mpangilio, na ndani ya kompyuta mna mwingine, utumie upi? Mara ya kwanza jibu ni ule wa ndani ya mashine. Ukichagua wa kompyuta, unaweza kufuta kila kitu kilichokuwemo, na kama mashine ile ilipangwa vizuri na mtaalamu wa papa mwenyewe miaka miwili iliyopita, kazi yake imekwenda.

Fungua faili kwa jina la mvaaji, hifadhi kipindi, piga picha za skrini za kila ukurasa, nakili vyote kwenye flashi. Kisha funga programu, ufungue tena, uone kama kweli imehifadhi.

Kupanga upya

Ingiza odiogramu, namba kwa namba. Kisha nenda sehemu ya umbo la kifaa, na usiruke: ni kikofia cha mpira kilicho wazi, kilichofungwa, au ni kiziba sikio kilichotengenezwa kwa kipimo? Spika ya waya mwembamba ni ya nguvu gani? Programu inahesabu kwa kuamini unachoiambia. Ukisema kikofia kimefungwa wakati kiko wazi, sauti nzito zitavuja na hesabu yote itakuwa uongo. Kwa mashine ya kurithi, kiziba sikio cha marehemu hakitamkaa mwingine, kinahitaji kutengenezwa upya.

Kwa fomula ya kuhesabu, chagua NAL-NL2, iliyotoka maabara ya taifa ya usikivu ya Australia na inayofaa watu wazima. Kwa mtu ambaye hajawahi kuvaa, weka kiwango cha mazoea karibu asilimia 80. Ubongo uliokaa kimya miaka kumi ukiletewa kelele zote za mitaa yetu ya Kenya au Katuba kwa siku moja, utazikataa.

Kisha jaribio la mluzi. Papa avae mashine zote mbili, chumba kiwe kimya, redio izimwe, kuku watolewe nje. Mwambie mapema kwamba atasikia kelele kali kwa sekunde kadhaa kila sikio, asishtuke na asizivue. Jaribio hili linaipimia mashine mpaka wa kukuza sauti bila kupiga mluzi. Programu nyingi pia zinaweza kumpima mtu usikivu kwa kutumia mashine yenyewe ikiwa sikioni. Si mbadala wa chumba cha kipimo, lakini matokeo yakitofautiana na karatasi kwa zaidi ya desibeli 10 au 15, kuna kitu hakijakaa: kikofia kimelegea, nta imeziba, au karatasi imezeeka.

Sasa ongea naye. Simama mita mbili, funika mdomo kwa karatasi asikusome midomo, mwambie arudie: fika, shika, pika, zika. Halafu sikiliza malalamiko yake na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, desibeli mbili au tatu, si zaidi.

"Sauti yangu iko kama ndani ya pipa": punguza kati ya 250 na 500, au tumia kikofia chenye matundu zaidi. "Nasikia ila sielewi": ongeza kwa sauti ndogo, ile safu ya desibeli 50 kwenye programu, kati ya 2000 na 4000. Huyo ndiye mzee wetu wa mgodini. "Sahani zinanichoma": punguza kwa sauti kubwa tu, safu ya desibeli 80, juu ya 2000, na usiguse safu ya sauti ndogo, la sivyo unamrudisha alikotoka. Ile namba ya kikomo cha juu cha nguvu ya mashine iache ilipowekwa na hesabu. Kuishusha unaweza, kuipandisha si kazi ya nyumbani.

Ukimaliza, bonyeza kuhifadhi kwenye mashine na usubiri hadi programu iseme imekamilika. Usichomoe kebo mapema, usiguse kijumba. Kisha mwache azivae wiki mbili, aende sokoni, aende kanisani au msikitini, aongee na simu. Mpe daftari aandike, au amwambie mjukuu amwandikie, ni wapi alikosa na ni wapi iliuma. "Haifanyi kazi" haikusaidii chochote. "Kwa pasta, kipaza sauti kinaniumiza" inakupa safu ya kugusa.

Ikigoma

Kisanduku kinaonekana lakini mashine haionekani: badilisha betri kwanza, kisha geuza utepe, kisha hamisha kebo kutoka tundu moja kwenda jingine. Tatizo likihama na kebo, kebo imekufa. Likibaki kwenye tundu, ni kisanduku. Likibaki na mashine, angalia vidoa vya shaba kama vina kutu ya kijani, jambo la kawaida kuanzia Novemba hadi Machi mvua zikiwa nyingi. Futa kwa pamba yenye spiriti kidogo, acha ikauke, na usiku ilaze mashine ndani ya kopo lenye vile vifuko vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya.

Inaunganika kisha inakatika: karibu kila mara ni USB. Acha kutumia vigawanyaji vya USB, chomeka kwenye laptopu yenyewe, na zima kile kipengele cha Windows kinachozima USB ili kuokoa betri.

Inaandika kwamba haitambui modeli: toleo la programu ni la zamani kuliko mashine, au, kwa mashine zilizozeeka sana, ni jipya kupita kiasi na modeli ile imeondolewa. Kwa ReSound za zamani, kwa mfano, programu inayotakiwa ni Aventa, si Smart Fit.

Imehifadhi vizuri lakini papa hasikii kitu: kabla ya kufungua kompyuta tena, angalia kichujio cha nta.